Simu, barua pepe, ofisini au mbele ya kamati? Njia za mzazi kumfikia mbunge wa jimbo Marekani

Mwenye mtoto katika shule ya umma Marekani, ipo siku ataambiwa, "Hilo si letu, ni sheria ya jimbo." Mwalimu mkuu atasema hivyo kuhusu mtihani, bodi ya shule itasema hivyo kuhusu pesa, na mara nyingi wanasema kweli. Washington haipangi mtaala wala haitungi mtihani wa taifa kama Dodoma au Nairobi, na katika fedha za shule mchango wake ni takriban sehemu moja ya kumi tu. Zinazobaki hutoka jimboni na kwenye kodi za majumba za mtaani. Kwa hiyo wa kumfuata ni mbunge wa jimbo. Kwa kawaida kila nyumba ina wawili, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo na seneta wa jimbo. Usiwachanganye na wale wanaokwenda Washington, kwa sababu ukiwaandikia hao kuhusu darasa la mwanao watakurudisha ulikotoka.

Mfano wangu mkuu ni Kentucky, maana Louisville na Lexington zimejaa Waswahili, hasa familia za Wakongo waliopitia Nyarugusu, Nakivale na kambi za Burundi. Majimbo mengine nitayataja pale utaratibu wao unapotofautiana.

Kabla ya kuchagua njia

Kwanza, hakikisha uko kwenye mlango sahihi. Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo Louisville, mabasi yalivurugika hadi watoto wengine wakafika nyumbani karibu saa nne usiku. Ratiba na njia za mabasi ni kazi ya wilaya ya shule, kwa hiyo lawama hiyo mahali pake ni kwenye bodi. Lakini fedha za kuendeshea mabasi zimo pia katika SEEK, fomula ya jimbo ya kugawa pesa za shule, na hapo ndipo mbunge anaingia. Jambo moja linaweza kuwa na milango miwili. Simu za mkononi darasani ni hivyo hivyo. Mwaka 2025 bunge la Kentucky lilipitisha sheria ya kuzidhibiti wakati wa masomo, lakini kanuni zenyewe zinaandikwa na kila bodi.

Pili, huhitaji kuwa raia. Katiba inawapa watu wote, si wapiga kura peke yao, haki ya kupeleka malalamiko serikalini, na maeneo ya uchaguzi huchorwa kwa kuhesabu wakazi wote. Ila chunga ulimi. Kama hujapata uraia, usiseme wala kuandika kwamba wewe ni "mpiga kura wake". Kujidai raia ni kosa linaloweza kuharibu faili lako la uhamiaji. Sema "naishi katika eneo lako", inatosha kabisa.

Tatu, jua mswada uko hatua gani. Wengi wetu tunachagua njia tunayoizoea, kumbe njia nzuri ya mwezi wa Oktoba haina faida mwezi wa Machi. Bunge la Kentucky hukaa siku 60 katika miaka ya shufwa, ambayo ndiyo ya bajeti, na siku 30 katika miaka ya witiri. Huanza Januari, na kufikia katikati ya Aprili limekwisha. Texas hukutana siku 140 tu, miaka ya witiri peke yake. Ukikosa dirisha hilo, unasubiri.

Vigezo vya ulinganisho

Kila njia nimeipima kwa mambo yale yale: inakugharimu nini (muda, mafuta, siku ya kazi), ina uzito gani kwa mbunge, inadai Kiingereza kiasi gani, inafaa hatua ipi ya mswada, na inaweka wazi kiasi gani cha maisha yako. Kigezo hicho cha mwisho huwa hakizungumzwi, lakini kwa mtu mwenye kesi ya hifadhi mahakamani ndicho cha kwanza.

Kupiga simu

Gharama: Dakika chache. Kentucky ina laini ya bure ya bunge, 1-800-372-7181. Opereta anachukua jina, anwani na ujumbe wako, anauandika, unafikishwa kwa mbunge. Wenyewe huziita karatasi za kijani. Simu hiyo moja inaweza kubeba ujumbe kwa wabunge wako wote wawili, hata kwa kamati nzima.

Uzito: Simu huhesabiwa. Anayesoma karatasi zile anataka kujua wangapi wanaunga mkono, wangapi wanapinga, na wanaishi wapi. Hoja yako ndefu haitafika, na si kosa la opereta. Kumbuka pia ukubwa wa eneo. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Kentucky ana wakazi kama 45,000, wa Maine kama 9,000, wa Texas wanakaribia 200,000, na seneta wa jimbo la California wanakaribia milioni moja. Simu kumi za asubuhi moja huko Maine ni habari. California hazitikisi meza.

Lugha: Laini ya Kentucky ina namba ya Kispanyola, ya Kiswahili hakuna. Hata hivyo hii ndiyo njia inayodai Kiingereza kidogo kuliko zote, kwa sababu sentensi nne zinatosha na unaweza kuzisoma kwenye karatasi: jina langu ni fulani, naishi mtaa fulani, namba ya posta (zip code) fulani, naomba mheshimiwa apige kura ya ndiyo, au hapana, kwa mswada namba fulani, sababu yangu ni hii moja. Namba ya mswada itaje polepole, tarakimu moja moja. Ikikosewa, simu yako imehesabiwa kwenye mswada ambao hukuukusudia.

Hatua: Siku mbili tatu kabla ya kura, ya kamati au ya ukumbi mzima.

Faragha: Anwani wanaiomba wajue uko eneo la nani. Kuhusu karatasi zako za uhamiaji hakuna anayeuliza, na wewe usizitaje.

Inamfaa mzazi wa zamu za ghalani au hospitalini mwenye mapumziko ya robo saa, na mwenye jambo la ndiyo au hapana. Haimfai mwenye kisa kinachohitaji kuelezwa.

Barua pepe

Gharama: Jioni moja. Anwani za wabunge ziko kwenye tovuti ya bunge la jimbo. Unaingiza anwani ya nyumba yako, wanatokea.

Uzito: Hapa kuna tofauti kubwa kati ya barua yako na barua ya kunakili. Mashirika hukuandalia maneno, wewe unabofya na kutuma. Zikifika mia zinazofanana neno kwa neno, msaidizi huzihesabu kama rundo moja. Barua yenye jina la mtaa na jambo lililomtokea mtoto wako husomwa, na pengine hujibiwa.

Ugonjwa wetu sisi ni salamu. Tumelelewa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali, kushukuru Mungu na kuomba radhi kwa usumbufu, na ombi linakuja aya ya tatu. Msaidizi wa mbunge hafiki aya ya tatu. Weka ombi kwenye mada, kisha lirudie kwenye sentensi za mwanzo. Kwa mfano:

Mada: Ongeza fedha za wanafunzi wanaojifunza Kiingereza (mzazi, kusini mwa Louisville)

"Mheshimiwa, naishi katika eneo lako na nina watoto wawili shule ya msingi. Mmoja bado anajifunza Kiingereza. SEEK humwongezea mtoto wa namna hiyo asilimia 9.6 ya kiwango cha msingi, yaani takriban dola 440 kwa mwaka wa masomo wa 2025–26. Shuleni kwao mwalimu wa Kiingereza kwa wageni anagawanywa kati ya madarasa mengi, na mwanangu humwona mara mbili kwa wiki. Naomba uunge mkono kupandisha kiwango hicho katika bajeti ijayo. Tafadhali nijulishe msimamo wako."

Hapo kuna takwimu moja, jambo moja aliloliona mzazi mwenyewe, ombi moja na swali linalodai jibu. Ukiongeza malalamiko ya chakula cha mchana na ya choo cha shule, umeiua.

Lugha: Una muda wa kutafsiri na kumpa mtu apitie. Programu za kutafsiri zinasaidia, lakini hakikisha neno la kuunga mkono au kupinga halijageuzwa, na namba ya mswada ni ile ile.

Hatua: Kabla bunge halijaanza, au wiki zake za kwanza. Siku za mwisho visanduku vimefurika.

Faragha: Katika baadhi ya majimbo barua kwa kiongozi zinaweza kuombwa kama nyaraka za umma. Usiandike jina kamili la mtoto, ugonjwa wake wala tarehe yake ya kuzaliwa.

Inamfaa mwenye hoja inayohitaji kufafanuliwa, na anayejiamini zaidi kwa kalamu kuliko kwa mdomo.

Kukutana uso kwa uso

Gharama: Kama ni Frankfort, makao makuu ya Kentucky, wakati wa bunge, ni nusu siku ya kazi na mafuta ya gari. Lakini si lazima iwe huko. Ubunge wa jimbo, sehemu nyingi, si kazi ya kudumu. Mbunge wa Texas hulipwa dola 7,200 kwa mwaka, posho ya vikao kando, kwa hiyo ana kazi nyingine. Ni wakili, mkulima, mwalimu mstaafu au mwenye duka, na kuanzia masika hadi Desemba yuko nyumbani karibu nawe. Muombe dakika kumi na tano maktabani au mkahawani, au mwalike kanisani kwenu au msikitini baada ya ibada. Wengi huja, maana mkusanyiko wa wakazi mia moja hawaupati kila wiki.

Uzito: Njia hii ndiyo inayomfundisha mbunge kitu. Huenda hajawahi kusikia kwamba mtoto wa miaka 14 aliyetoka kambini anaweza kupangwa kidato cha kwanza hapa akiwa na miaka mitatu tu ya shule nyuma yake. Ukimweleza ana kwa ana, mwezi Februari atakumbuka sura yako swali hilo litakapoibuka. Ila ahadi ya mdomoni si kura. Mfuate kwa barua pepe fupi siku ya pili.

Hapa desturi za nyumbani zinaweza kutupoteza njia. Mzazi aliyezoea Kenya anajua mbunge ana NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo lake la ubunge, na fomu za basari, kwa hiyo anakwenda kwake kuomba karo ya mtoto wake. Huku mbunge hana mfuko wa namna hiyo. Alicho nacho ni kura, na sauti kwenye kamati. Usimwombee mtoto mmoja pesa, mwombe abadilishe kanuni. Na yule anayeona aibu kwenda kwa mkubwa mikono mitupu, kitenge aache nyumbani. Kentucky mshawishi wa kulipwa haruhusiwi kumnunulia mbunge hata kikombe cha kahawa. Wewe si mshawishi, lakini zawadi itamtia mwenyeji wako wasiwasi badala ya kumfurahisha.

Lugha: Nenda na mkalimani mtu mzima. Usimfanye mtoto wako akutafsirie shida zake mwenyewe, hasa kama ni za darasani au za tabia, maana atapunguza makali au ataona haya. Na mkalimani akiwepo, dakika 15 zinakuwa saba. Panga maneno yako hivyo.

Hatua: Juni hadi Desemba ndipo penye rutuba. Kipindi hicho kamati ya pamoja ya elimu ya Kentucky, ya wajumbe na maseneta, hukutana kuchambua mambo ambayo baadaye huwa miswada. Ukifika Machi, mswada umeshaandikwa na watu wengine.

Faragha: Mazungumzo yanabaki kati yenu, isipokuwa kama kuna picha. Ukiombwa picha, una haki ya kukataa.

Inamfaa mwenye suala linalojirudia mwaka hata mwaka, na mwenye subira.

Kuzungumza mbele ya kamati

Hapa majimbo yanatofautiana mno. Maine kila mswada hupewa kikao cha wananchi, kila mtu huongea kama dakika tatu, na unaweza kushiriki kwa Zoom. Jimbo la Washington unajiandikisha mtandaoni hadi saa moja kabla ya kikao, na unaweza kuweka jina lako upande wa kuunga mkono au kupinga bila kusema neno. Texas unajiandikisha na kungoja zamu yako. Machi 2025, kamati ya elimu ya Baraza la Wawakilishi la huko iliposikiliza mswada wa fedha za umma kwa shule binafsi, watu waliendelea kuongea usiku kucha hadi asubuhi. Kentucky ratiba iko mikononi mwa mwenyekiti wa kamati. Yeye ndiye huamua nani ataongea, hivyo inabidi uandike mapema kwa mwenyekiti au watumishi wa kamati, na bado unaweza kufika ukute muda umekwisha.

Gharama: Kubwa kuliko zote, ukiondoa majimbo ya Zoom. Chukua siku nzima ya kazi, beba chakula, na utafute mtu wa kukaa na watoto.

Uzito: Maneno yako yanaingia kwenye kumbukumbu, na yanasikiwa na watu wenye uwezo wa kubadilisha kifungu. Wabunge husikia wataalamu na mashirika kutwa nzima, kwa hiyo mzazi anayesema jambo moja aliloliona kwa macho yake huwafanya wainue vichwa kutoka kwenye simu zao. Lakini tusidanganyane. Katika miswada mikubwa ya kichama, kura zimeshahesabiwa kabla ya kikao. Ushahidi wa mzazi hufanya kazi zaidi kwenye miswada midogo ya kiufundi: saa za mafunzo ya walimu, tafsiri ya nyaraka, masharti ya cheti.

Lugha: Ngumu. Uliza mapema kama kuna mkalimani na kama muda wake unahesabiwa ndani ya dakika zako. Kama huna uhakika, peleka maoni kwa maandishi. Kamati nyingi huyapokea na kuyaweka kwenye kumbukumbu pamoja na ya waliosimama.

Hatua: Siku mswada uko kamatini, basi. Tangazo linaweza kutoka siku moja au mbili tu kabla.

Faragha: Hakuna. Kentucky vikao hurushwa moja kwa moja na KET, televisheni ya umma. Jina na uso wako vitabaki mtandaoni. Mwenye kesi ya hifadhi azungumze na wakili wake kwanza.

Inamfaa asiyeogopa kipaza sauti, mwenye ushuhuda wa moja kwa moja kuhusu kifungu kinachojadiliwa.

Kwenda kwa kundi

Wengine hawataki kwenda peke yao, na wana haki. PTA, chama cha wazazi na walimu, ina matawi ya majimbo na siku zake za kutembelea bunge. Kentucky kuna pia Prichard Committee, kamati ya raia iliyoanza mwaka 1983, ambayo kwa miaka mingi imefundisha wazazi kufuatilia sheria za elimu. Jumuiya za Wakongo, makanisa na misikiti yanaweza kufanya hivyo pia.

Gharama hugawanywa, na mkalimani mmoja anahudumia watu ishirini. Uzito unategemea anwani. Wazazi kumi na wawili wa eneo moja wana nguvu kuliko sahihi elfu tano za mtandaoni za watu wanaoishi Ohio, Ontario na Nairobi. Mbunge huangalia wake ni wangapi. Lugha si kikwazo, faragha ni nzuri kwa anayekaa nyuma bila kujitambulisha. Kasoro yake ni ajenda. Shirika lina mambo yake matatu, lako ni la nne, na siku ikifika muda unaisha kwenye la pili. Uliza kabla ya kupanda basi kama suala lako limo kwenye karatasi watakayomwachia mbunge.

Inamfaa mgeni anayejifunza, na jamii iliyokwisha kukubaliana ombi moja.

Chagua kwa hali yako

Kura ni kesho au keshokutwa: piga simu, na waombe majirani wanne wa eneo hilo hilo wapige asubuhi hiyo hiyo. Barua ndefu haitasomwa kwa wakati.

Ni Septemba na bunge limefungwa: omba kukutana. Ukikosa nafasi, andika barua pepe yenye kisa chako na uombe dakika kumi za simu.

Mswada umepangwa kwenye kamati wiki hii: kama uko Maine au jimbo la Washington, jiandikishe mtandaoni hata ukiwa kazini. Kama uko Kentucky, peleka maoni ya maandishi kwa wajumbe wa kamati na upige simu siku hiyo. Ukipewa nafasi ya kuongea, ichukue.

Mbunge wako ameshasema hapana: mpigie simu hata hivyo ili ihesabiwe, kisha elekeza nguvu kwa seneta wako, kwa sababu mswada lazima upite mabaraza yote mawili. Nebraska peke yake ndiyo yenye baraza moja.

Kiingereza bado kinakusumbua: simu ya sentensi nne leo, kundi mwezi ujao.

Una kesi ya uhamiaji inayoendelea: simu au kundi. Kamati iache hadi wakili aseme.

Shida ni ya mtoto wako mmoja, kwa mfano mpango wake wa elimu maalumu haufuatwi: anza na shule, kisha wilaya, kisha idara ya elimu ya jimbo inayopokea malalamiko hayo. Ukizungushwa miezi, mwandikie mbunge barua pepe fupi yenye tarehe za kila ulipokwenda. Hapo humwombi kura. Unamwomba ofisi yake ipige simu idarani kuuliza faili limekwama wapi. Kwa kuwa watahitaji ruhusa yako kuzungumzia mambo ya mtoto, uliza ni fomu gani ujaze kabla hawajaanza.